SOMO: Kuosha vifaa vya mbizi (soma kabla hujauliza)

Swali hili limeulizwa hapa mpaka limenichosha. Naandika mara moja.

1. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, siku hiyohiyo. Bomba liko mbali? Viache vilowe, chumvi ikishakauka inakuwa chembe kali zinazokwaruza pete za mpira.

2. Regulata (kile kifaa cha kuvutia hewa kutoka kwenye mtungi). Hapa niliumia. Kausha kifuniko cha vumbi, kifunge kwenye kile kichwa kinachoshika mtungi, ndipo uloweke. Mimi nilitumbukiza yote wazi ndooni, tena nikawa nabonyeza kitufe cha kusukuma hewa eti maji yapite vizuri. Yalipita kweli, yakapanda kwenye mpira wa kupitishia hewa hadi kwenye kile kichwa. Fundi alipofungua alikuta kutu ya kijani, nikalipia vipuri vya ndani. USIBONYEZE kitufe majini kama regulata haijafungwa kwenye mtungi uliofunguliwa. Na kifuniko chenyewe kikiwa na tone la maji, unalifungia humohumo.

3. Jaketi la kuelea: mimina maji safi ndani kupitia mdomo wa kupulizia, tikisa, pindua, yamwage. Rudia. Lihifadhi na hewa kidogo, kuta zisigandane.

4. Suti: hanga nene, kivulini.

5. Miwani na mapezi: suuza, kausha.

6. Mtungi: suuza valvu, bakiza hewa ndani unyevu usiingie.

MASWALI

Kibua: Mkuu, nikibonyeza kidogo tu je?

Mwandishi: Namba 2.

Kibua: Ila mwalimu wangu hubonyeza kila siku.

Mwandishi: Akiwa na mtungi umefunguliwa. Angalia vizuri siku nyingine.

Mama Pweza: Samahani, mtungi unabadilisha nini hapo?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Kitufe kinasukuma kiwambo (utando ulio ndani), kiwambo kinakandamiza wenzo, wenzo unafungua valvu. Mpira wa hewa ukiwa na hewa yenye shinikizo, hewa ndiyo inatoka. Ukiwa mtupu, mlango uko wazi na maji yanaingia. Kama unao mtungi karibu, funga regulata kwenye mtungi, fungua hewa, kisha suuza ukibonyeza utakavyo.

Mama Pweza: Nimeelewa, asante. Miwani yangu ya silikoni angavu imeanza kuwa na madoa meusi.

Mwandishi: Unaiweka juu ya mapezi ya mpira mweusi?

Mama Pweza: Ndiyo!

Mwandishi: Rangi ya mpira inahamia. Irudishe kwenye kopo lake.

Chaza: Na suti ikinuka mkojo?

Mwandishi: Loweka kwa shampuu ya suti, igeuze ndani nje. Mwenye suti anajijua.