Somo: AR ya simu kwenye skrini ya hadharani, hadi watu waongee

Wakuu, weka skrini kubwa ukumbini na watu wataipita kama ukuta. Ukiwapa AR (uhalisia ulioongezwa) kwenye simu, watasimama, lakini kila mmoja atainamia ya kwake. Mara ya kwanza mimi nilirundika kila kitu kwenye simu. Watu watatu wakasimama bega kwa bega, kimya, kama wako foleni. Siku hizi skrini inabeba cha wote, simu inabeba kipande ambacho jirani hana.

Mfano wa somo: skrini ina ramani isiyo na majina na swali, "Daraja lijengwe wapi?" Simu moja ikielekezwa pale inaona mito, nyingine barabara, ya tatu nyumba. Hakuna anayeweza kujibu bila kuuliza mwenzake.

Hatua ya 1. Usimwambie mpita njia apakue programu, hatapakua. Weka msimbo wa QR unaofungua ukurasa wa wavuti uliotengenezwa kwa MindAR, maktaba ya bure ya kutengeneza AR ya kwenye wavuti. Ukurasa uwe wa HTTPS (muunganisho salama), la sivyo kivinjari hakifungui kamera.

Hatua ya 2. Ramani yenyewe ndiyo picha ya kutambuliwa. Igeuze kuwa faili la .mind kwa zana ya MindAR. Iwe na kona nyingi na michoro isiyojirudia, maana eneo tupu la rangi moja kamera haina pa kushika. Vinavyotembea vikae nje ya ramani. Punguza pia mwanga wa skrini: ukizidi, kamera inaona weupe mtupu.

Hatua ya 3. Seva igawe majukumu kwa zamu: anayeingia kwanza mito, wa pili barabara, wa tatu nyumba. Tumia WebSocket (njia inayoacha simu na seva zimeunganishwa muda wote), ili mtu akigusa simu, doa la rangi yake litokee papo hapo kwenye skrini.

Hatua ya 4. Hii ndiyo roho ya somo. Jibu lipokelewe pale tu simu zote tatu zinapogusa sehemu ileile ndani ya sekunde 5. Hapo utasikia: "Sogea kushoto… hapana, hapo kuna nyumba!"

MASWALI

– Mkuu, akija mtu mmoja tu?
Mpe mito, kisha skrini iandike kwa herufi kubwa: "Anatafutwa mwenye barabara." Aliyesimama huvuta wengine, watafiti Harry Brignull na Yvonne Rogers walilieleza jambo hili mwaka 2003 kwa mfano wa chungu cha asali.

– Kwa nini si WebXR, ile njia ya AR iliyomo ndani ya kivinjari chenyewe?
Kivinjari cha Safari kwenye iPhone hakina AR ya WebXR. Ukiitumia, wenye iPhone watabaki watazamaji.

– Mikono haichoki?
Inachoka haraka. Weka kitufe cha kugandisha picha, mtu ashushe simu na aendelee kugusa akiwa ameishika kifuani. Faida ya pembeni: simu ikishuka, macho yanapanda.

– Mtu akiondoka katikati ya mchezo?
Muunganisho ukikatika, seva irudishe jukumu lake kwenye foleni. Wape waliobaki sekunde 10 kwanza, maana wengine huwa wamepigiwa simu tu.

– Picha za kamera zinaenda wapi?
Haziendi popote, utambuzi unafanyika ndani ya simu. Kinachosafiri ni mahali kidole kilipogusa. Liandike hilo kabla ya kivinjari kuomba ruhusa ya kamera, si baada.