Jinsi ya kufanya stori ya uchunguzi mpaka iwafikie wenyewe mwaloni

Nianze na kosa langu maana ndo lilonifundisha. Nilifuatilia mizani za dagaa kwenye mwalo mmoja hapa Mwanza, yani pale mitumbwi inaposhusha samaki, miezi miwili nzima, nikaandika likitu refuu, likatoka, wakalisoma waandishi wenzangu na washkaji wa chuo. Wanaopunjwa kilo hawakusikia chochote. Sa we usirudie hiyo.

Kwanza tafuta kitu kinachopimika. Mi nilinunua paketi ya sukari ya kilo mbili nikaipitisha kwenye mizani tatu, mbili zikasoma sawa, ya tatu ikasoma kilo moja na robo tatu. Nikarudi siku mbili zingine ili mtu asije akaniambia ooh siku ile ilikuwa imepigwa na jua. Piga picha ya mshale, na stika ya Wakala wa Vipimo kama ipo. Alafu peleka hesabu kwenye gunia, maana kwa mizani ile kilo 40 zinakuwa 35, kilo tano zimeenda hivi hivi.

Na usidharau hesabu ndogo. Kile kivuko cha Ziwa Victoria, MV Nyerere, kilipopinduka pale Ukara tarehe 20 Septemba 2018, uwezo wake ulikuwa watu 101, waliokufa tu walizidi 200. Yani mtu mmoja angekaa gatini na daftari anahesabu wanaopanda, stori ilikuwepo kabla ya msiba.

Karatasi nazo muhimu. Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kwa maandishi na ofisi ina siku 30 kukujibu, ila hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, la sivyo utaambiwa barua haikufika. Ripoti ya CAG, yani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inaingia bungeni kila Aprili, isome kurasa za halmashauri yako, inachosha lakini vitu vimo. Na mwenye mizani mfuate akujibu kabla hujatoa, maana sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 haicheki na taarifa za uongo.

Chanzo chako mlinde kweli kweli. Mvuvi mara nyingi nyavu na mashine kakopeshwa na huyo huyo anayemnunulia, akijulikana kaongea kesho hana kazi. Kuficha sura haitoshi, mtumbwi una namba na jina limeandikwa ubavuni, mwalo mzima wanaujua.

Sasa kuisambaza, hapa ndo wengi tunafeli. Angalia mwezi! Kipindi cha giza, mwezi ukiwa haupo, watu wa dagaa wako ziwani usiku, mchana wanaanika au wamelala, hakuna atakayekusikiliza. Mbalamwezi ikija wako nchi kavu wanashona nyavu na kupiga stori, hapo ndo uachie. Mi mara ya pili nilirekodi sauti ya dakika mbili, Kiswahili cha kijiweni, sikuanza na "uchunguzi umebaini", nikaanza na "gunia lako la kilo 40 linapimwa 35", nikairusha kwenye magrupu ya wasap ya akina mama wanaoanika.

Siku ya tatu napita pale nakuta mama mmoja kaja na sukari yake kwenye kapu, anamwambia mwenye mizani, "Kaka, pima kwanza hii."