Somo: Jinsi popoo inavyozima jeni ndani ya shavu

Wengi wa pwani tunaujua uraibu: jani la tambuu, popoo, chokaa, katu. Utasikia mtu anajitetea, "Mimi tumbaku sichanganyi." Utetezi huo hausimami. Tangu 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka popoo yenyewe kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa.

Hatua ya 1: Pima mdomo. Simamisha vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, uviingize wima kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, na pilipili kidogo tu ya kachumbari inakuunguza, pitisha kidole ndani ya shavu. Ukiwa mgonjwa, shavu limepauka, na chini yake unagusa kamba ngumu. Kupiga mluzi kunakuwa kazi. Hiyo ni faibrosisi ya kinywa, yaani nyama ya ndani ya mdomo kukakamaa. Mtafiti aitwaye Schwartz aliieleza mwaka 1952 kwa wanawake 5 wa Kihindi waliokuwa Kenya, kwa hiyo tusiseme ni ugonjwa wa mbali.

Hatua ya 2: Jua kamba zinatoka wapi. Popoo ina kemikali iitwayo arekolini, na ina madini ya shaba kwa wingi. Shaba hukichochea kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni, protini inayoshikilia nyama ya mwili. Zikishafungwa hazivunjiki kirahisi.

Hatua ya 3: Tenganisha herufi na alama. Hapa ndipo wengi hupotea. Mabadiliko ya epijenetiki, yaani ya kuwasha na kuzima jeni, hayagusi herufi za DNA, maandishi ya urithi ndani ya seli. Chukua msahafu uliogandishwa kurasa kwa gundi: maneno yote yamo, ila hayasomeki. Gundi yenyewe ni vikundi vidogo vya methili vinavyobandikwa mwanzoni mwa jeni.

Hatua ya 4: Ifuate jeni moja, p16. Kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Kwa baadhi ya wagonjwa wa faibrosisi imekutwa imebandikwa methili na kunyamaza, kabla saratani haijaonekana. Kwangu hili ndilo kiini cha somo: breki inalegea mapema, mtu akiwa bado analalamikia pilipili tu.

Hatua ya 5: Usisahau maikroRNA. Hizi ni vipande vifupi vinavyozuia ujumbe wa jeni usigeuzwe protini. Familia ya miR-200 hupungua kwenye fibroblasti (seli zinazotengeneza nyuzi) za wagonjwa. Ikipungua, protini ya ZEB1 hupanda na seli zinageuka kuwa za kuvuta na kukaza. Shavu linazidi kubana.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, bibi yangu katafuna tambuu maisha yake yote na mdomo wake mzima. Imekuwaje?*

Mpe shikamoo yangu. Si kila mtafunaji anaugua. Kiasi, muda na maumbile vinatofautiana. Ila wapo wanaougua. Huko Kerala, India, wagonjwa wa faibrosisi walifuatiliwa miaka 17, na asilimia 7.6 wakapata saratani ya kinywa. Bibi naye akaguliwe.

*Nikiacha leo, alama zinafutika?*

Maabara zipo dawa zinazoondoa methili na jeni ikaamka, lakini kwa ugonjwa huu hakuna iliyoidhinishwa, usiende kuiulizia duka la dawa. Kamba zilizokwisha kujengeka nazo haziondoki zenyewe. Acha hata hivyo, maana kila tonge jipya linaongeza arekolini kwenye seli zilizokwisha kuchokozwa. Kuna mazoezi ya kupanua mdomo, sindano za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) ndani ya shavu, na upasuaji kwa waliobana sana.

*Kwa nini nisipimwe mate tu, dokta, badala ya kukatwa kipande cha nyama mdomoni?*

Watafiti wanazitafuta alama za methili kwenye mate, ila majibu ya kuaminika bado yanatoka kwenye kipande hicho cha nyama, kwa sababu mtaalamu anaziona seli zenyewe zilivyokaa. Wanakupiga ganzi, wanachukua kipande kidogo sana. Ukiwa na kidonda au doa jeupe au jekundu lililopita wiki mbili, usingoje miadi ya mwezi ujao.