Namna ya Kuandika Maelezo ya Kisiwa Kidogo: Mfano wa Saint Helena kwa Wanafunzi wa Kigoma

Mwalimu wa jiografia mjini Kigoma anapowapa wanafunzi kazi ya kueleza eneo la mbali kwa vichwa vinne vilivyozoeleka, yaani jiografia, watu, serikali na uchumi, mara nyingi hurudishiwa kurasa nne zisizojuana: milima huku, sensa kule, gavana peke yake, na mwishoni orodha ya mazao. Kwa nchi kubwa kasoro hiyo hujificha, lakini kwa kisiwa kidogo huonekana mara moja, kwa kuwa huko mambo yote manne hutegemea jambo moja, nalo ni njia ya kufika. Mwongozo huu unatumia mfano wa Saint Helena, kisiwa cha Atlantiki ya kusini kilicho chini ya Uingereza. Nimekichagua kwa sababu taarifa zake ni chache kiasi cha kushikika, na kwa sababu kinagusa historia yetu mahali ambapo wanafunzi wengi hawatarajii.

Kazi ianze kwenye atlasi, kabla mwanafunzi hajafungua simu. Atafute nukta iliyo karibu na latitudo 16 kusini na longitudo 6 magharibi, kisha apime kwa uzi na kipimo cha ramani umbali wa kutoka hapo hadi nchi kavu iliyo karibu zaidi. Atapata kilomita 1,900 hivi hadi pwani ya Angola, yaani karibu mara tatu ya urefu wa Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura hadi Mpulungu. Umbali huo uandikwe kwanza. Ukubwa, ambao ni kilomita za mraba 122 tu, ufuate baadaye. Ndipo aeleze kwamba kisiwa kilitokana na volkano, kwamba kilele chake, Diana's Peak, kinazidi mita 800 kidogo, na kwamba pepo zivumazo kutoka kusini-mashariki huleta unyevu katikati ya kisiwa huku kingo zake zikibaki kavu na tupu. Taarifa ya upepo isiachwe ikielea. Mji mkuu, Jamestown, umejibana katika bonde jembamba upande wa kaskazini-magharibi kwa kuwa huko ndiko meli za matanga zilikopata nanga palipokingwa na upepo. Mwanafunzi akishaandika sentensi hiyo, jiografia yake imekwisha kuanza kueleza watu.

Kuhusu watu, swali la kuuliza si kabila gani linaishi huko, bali nani aliletwa, na kwa nini. Kisiwa hakikuwa na wenyeji wa asili. Wareno walikifikia mwaka 1502, na mwaka 1659 Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki ikaweka makazi ili meli zake zitokazo Asia zipate maji na chakula. Wakazi wa leo ni kizazi cha walowezi wa Kizungu, watumwa walioletwa kutoka Madagaska na kwingineko, vibarua wa Kichina na wengine waliofuata. Kuanzia mwaka 1840, jeshi la majini la Uingereza lilipokuwa likikamata meli za biashara ya watumwa, Waafrika zaidi ya 25,000 waliteremshwa hapo. Maelfu walikufa na kuzikwa katika bonde la Rupert's Valley, na wengi wa waliosalia walisafirishwa tena kwenda visiwa vya Karibi.

Umbali uleule ulikifanya kisiwa kuwa gereza lisilohitaji kuta. Napoleon alihamishiwa huko mwaka 1815 na kufia huko mwaka 1821. Baadaye akaletwa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, na kisha maelfu ya Makaburu waliotekwa katika vita vya Afrika Kusini. Hapa ndipo historia yetu inapoingia. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani wa Zanzibar mwezi Agosti 1896 na kuangushwa na mizinga ya Waingereza kwa muda usiofika saa moja, alikimbilia upande wa Wajerumani. Alipokamatwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa uhamishoni Saint Helena. Aliruhusiwa baadaye kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927. Mwanafunzi wa Kigoma anayo haki ya kulipa jina hili nafasi kubwa kuliko la Napoleon.

Tarakimu za watu zinahitaji uangalifu wa pekee. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha wakazi wapatao 4,400, ilhali ile ya mwaka 1901 ilionyesha 9,850. Anayeziweka tarakimu hizo mbili sambamba bila maelezo atadhani kisiwa kilikumbwa na maangamizi, kumbe hesabu ya 1901 iliwajumuisha mateka wa Kikaburu. Sisi wa mkoa wenye kambi ya Nyarugusu tunapaswa kuielewa tahadhari hii bila kuhimizwa: idadi ya watu wa mahali hubadilika pia kwa sababu ya wanaoletwa na vita.

Kuhusu serikali, maelezo yasiwe marefu, lakini istilahi ziwe sahihi. Saint Helena si nchi huru wala si mkoa wa Uingereza. Ni eneo la ng'ambo la Uingereza, na kikatiba limeunganishwa na Ascension, iliyo kilomita 1,300 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, pamoja na Tristan da Cunha, iliyo kilomita 2,400 hivi kusini. Mkuu wa dola ni Mfalme Charles wa Tatu, anayewakilishwa na gavana. Lipo Baraza la Kutunga Sheria lenye wajumbe 12 wa kuchaguliwa, na tangu mwaka 2021 wapo mawaziri wakiongozwa na mtu ambaye kwa Kiswahili tunaweza kumwita Waziri Kiongozi, kama Zanzibar ilivyokuwa naye zamani. Ulinzi na mambo ya nje hubaki mikononi mwa Uingereza.

Uchumi ndio sehemu inayostahili kurasa nyingi, na uandikwe kwa mfuatano wa sababu. Kisiwa kiliishi kwa kuhudumia meli, hivyo Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na meli za mvuke zikazidi kuenea, wateja walipungua. Baadaye likaja zao la nyuzi lililofanya kazi ileile ya mkonge, lakini kiwanda cha mwisho kilifungwa mwaka 1966, nyuzi za viwandani zilipokuwa zimechukua soko. Wazee wa Kigoma ambao jamaa zao walikwenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge wataelewa nini hufuata nyuzi hizo zinapokosa bei, na kwa nini watu wengi wa Saint Helena huenda kutafuta kazi Ascension, visiwa vya Falkland na Uingereza kwenyewe. Leo kuna uvuvi wa jodari, kahawa kidogo yenye sifa, na utalii, lakini sehemu kubwa ya bajeti hutoka Uingereza. Sarafu yake, pauni ya Saint Helena, ina thamani sawa na pauni ya Uingereza.

Kwa miaka mingi meli moja, RMS St Helena, ndiyo iliyobeba abiria, barua na bidhaa kutoka Cape Town, safari ya siku tano hivi. Msomaji aliyewahi kuingoja MV Liemba ili aende Kasanga hahitaji kuelezwa zaidi. Uingereza iligharimia uwanja wa ndege kwa zaidi ya pauni milioni 280, lakini upepo unaogeuka ghafla karibu na njia ya kurukia ulichelewesha huduma, hadi safari ya kwanza ya ratiba kutoka Johannesburg ilipofika Oktoba 2017. Meli ilistaafu mwaka uliofuata.

Kabla ya kukabidhi kazi, mwanafunzi akague kila chanzo kwa kutazama umri wake. Chanzo kinachosema kisiwa hufikiwa kwa meli pekee kiliandikwa kabla ya mwisho wa 2017. Kinachosema hakuna mawaziri kiliandikwa kabla ya mwishoni mwa 2021. Kinachotaja eneo la kilomita za mraba 394 hivi kimejumlisha visiwa vyote vya eneo hilo, na kwa hiyo idadi yake ya watu isichanganywe na ile ya Saint Helena peke yake. Kila tarakimu iandikwe pamoja na mwaka wake, na isiyo na mwaka iachwe nje ya insha.