Matanki matatu, mashine moja: kugawa mafuta kwenye boti ndogo

Boti yangu ni ya faiba, futi 23, na mashine ya nguvu farasi 40, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Napeleka watu na mizigo kati ya Kilwa Kivinje na Songo Songo. Natembea na matanki matatu ya plastiki, kila moja la lita 25. Vijana huniuliza kwa nini nisiyaunganishe yote yanyweke kwa pamoja, nikae raha. Jibu lipo hatua ya nne.

Hatua ya 1: pima unywaji. Usimuulize fundi, maana yeye habebi mzigo wako. Jaza tanki hadi alama, tembea nusu saa kwa mwendo na mzigo wa kila siku, kisha rudishia mafuta hadi alama ileile kwa chupa ya lita moja. Ulichomimina, zidisha mara mbili. Yangu hunywa karibu lita 14 kwa saa. Nikikaza moto hadi mwisho inafika 18.

Safari yangu ni saa moja na nusu, yaani lita 21 kwenda. Desturi ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba, na kwangu kila theluthi inaingia tanki lake. Ila hesabu hii ni ya bahari shwari. Kusi likivuma, kwenda nasukumwa mgongoni na kurudi napigwa usoni: nimewahi kwenda kwa lita 18 nikarudi kwa 27. Miezi hiyo nabeba tanki la nne, na asiyetaka kupunguza magunia namwacha gatini.

Hatua ya 2: changanya na ujaze nchi kavu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukimwaga chomboni hauendi zake, unateremka ngamani, chini kabisa ya chombo, na kukungoja cheche. Wahenga walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na petroli nayo ni hivyohivyo. Mimi naweka lita 22 tu, kwa kuwa mafuta hutanuka juani. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita 22 zinataka mililita 440 za oili. Matanki yote yawe na kipimo kimoja, na uyamimine kupitia chujio lenye wavu mwembamba.

Hatua ya 3: yape namba na mahali. Andika 1, 2, 3 kwa rangi, kubwa, zisomeke hata usiku. Lita 22 ni kama kilo 16, kwa hiyo ukiyapanga yote tezini, yaani nyuma, boti itainua omo, yaani mbele. La kwanza nalikalisha karibu na mashine, mengine katikati, na yote yafungwe kamba.

Hatua ya 4: tanki moja kwa wakati mmoja. Unaweza kuhamisha mpira wa mafuta kwa mkono kutoka tanki hadi tanki, au ukafunga koki ya kuchagua tanki. Njia zote mbili ni nzuri. Kibaya ni kuyaacha matanki mawili wazi pamoja. Moja likikauka, mashine huvuta hewa kutoka humo, kwa kuwa hewa ni nyepesi kuvutwa kuliko petroli. Itazimika huku tanki la pembeni limejaa.

Hili lilinikuta hata nikiwa na koki. Nilikuwa nimehamia tanki la pili, la kwanza tupu, mashine ikaanza kukohoa karibu na miamba. Nikabadili plagi, nikafungua kabureta, nikalaani muuza petroli. Kumbe koki ilikuwa imechakaa ndani, inavuta hewa kwenye tanki tupu. Tangu siku hiyo naijaribu kila mwezi: naelekeza koki tanki la 2, natia ncha ya mpira wa tanki la 1 ndani ya chupa angavu yenye mafuta, nawasha mashine. Mafuta ya chupani yakishuka, koki hiyo natupa.

Hatua ya 5: anza na akiba. Watu wengi hupuuza hili, nami ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Dakika kumi za kwanza, ukiwa bado unaona ufuko, endesha kwa tanki la akiba. Kama lina maji, kama mpira umetoboka au skrubu ya pumzi, ile ya kuingizia hewa tankini, imeganda kwa chumvi, utajua mahali unapoweza kurudi kwa kasia. Kisha hamia tanki la 1. Tanki usilolijaribu usilihesabu kuwa ni akiba.

Hatua ya 6: hama kwa saa, usingoje kikohozi. Kabla mashine ya aina hii haijazimika kwa njaa, mlio wake huweza kupanda ghafla, na kwa kuwa oili inakuja na petroli, vyuma navyo vinakosa oili. Hesabu dakika, chungulia tanki, na uhamie kabla hujaingia mlango wa bahari au kupita mwamba. Mimi nafanya hivi:

1. Punguza moto, weka nyutro, omo ielekee mawimbi.
2. Fungua pumzi ya tanki jipya.
3. Geuza koki au hamisha mpira, mshale wa pampu ya mkono uelekee mashine.
4. Binya pampu hadi iwe ngumu.
5. Funga pumzi ya tanki la zamani, endesha taratibu dakika mbili, ndipo ukaze.

Pampu ikinywea ukiwa mwendoni, angalia kwanza pumzi. Mara nyingi ni hiyo tu.

Wenye dizeli: mashine yenu hurudisha sehemu ya mafuta kwenye tanki. Mkihamisha mpira wa kunywea, hamisheni na wa kurudishia. La sivyo mtanywa la 2 huku mkilijaza la 1, hadi limwagike.

Ukirudi salama na akiba haijaguswa sana, usiiache ikae hadi ichakae. Badilisha namba: akiba ya leo iwe tanki la 1 la safari ijayo.