Somo: Jinsi ya kuujua umri wa kitabu cha Nancy Drew kabla hujatoa pesa

Ndugu zangu, tangu mwezi uliopita wenzetu watatu wamenitumia picha ya ukurasa ule ule, ukurasa wa hakimiliki wa kitabu cha Nancy Drew, yule msichana mpelelezi wa hadithi za Kimarekani, wenye mwaka 1930, na swali lile lile: "Dada, hili si toleo la kwanza?" Nimeona niandike somo zima, maana jibu la mstari mmoja halitoshi, na najua uchungu wa kulipia mwaka ulioandikwa badala ya kitabu chenyewe.

Mimi nilikosea hivyo. Mwaka wa pili baada ya kuhamia hapa Ohio, muuzaji mmoja mtandaoni aliniuzia The Hidden Staircase kwa dola 60, akaisifu kuwa ya 1930. Ilipofika niliibusu kabisa, jalada la buluu, harufu ya karatasi ya kale. Usiku nikakaa kitandani nikaifungua polepole, nikasoma orodha ya vitabu vya mfululizo iliyomo ndani. Jina la mwisho lilikuwa The Clue of the Black Keys. Hicho kilitoka 1951. Kitabu changu hakingeweza kuwa kimechapwa kabla ya mwaka huo, nami nimekilipia kana kwamba kina miaka 21 zaidi. Kosa lile ndilo lililonifundisha sehemu kubwa ya ninayoyaandika hapa.

Kwanza historia kidogo, kwa sababu inaeleza ugumu wenyewe ulikotoka. Edward Stratemeyer alikuwa na kampuni ya kutunga mifululizo ya vitabu vya watoto: yeye anaandika muhtasari, mwandishi wa kukodi anaandika kitabu, jina la kubuni linawekwa kwenye jalada. Vitabu vitatu vya kwanza vya Nancy Drew vilitolewa na Grosset & Dunlap tarehe 28 Aprili 1930, kila kimoja senti 50, kwa jina la Carolyn Keene. Stratemeyer alifariki tarehe 10 Mei, siku kumi na mbili tu baadaye, na binti zake wakaishika kampuni. Aliyeviandika ni Mildred Wirt, msichana wa Iowa, kwa malipo ya dola 125 kwa kitabu na hakuna zaidi. Kati ya vitabu 30 vya mwanzo, 23 ni kazi ya mkono wake. Baadaye aliishi Toledo, akawa mwandishi wa gazeti hadi alipofariki 2002 akiwa na miaka 96. Toledo ni mwendo wa saa mbili na kitu kutoka kwangu, na kila nikipita barabara ile namkumbuka.

Basi wachapaji walikuwa wakichapa kitabu kile kile mwaka hadi mwaka na kuuacha mwaka wa hakimiliki kama ulivyo. Hapo ndipo watu wanapotekwa.

Hatua ya 1: Amua unakusanya nini

Wengine wanataka matini ya asili, yaani maneno kama yalivyokuwa kabla vitabu havijaandikwa upya, wengine picha za jalada, wengine mfululizo mzima wa mgongo wa njano waliousoma utotoni. Ukitaka vyote kwa pamoja utaishiwa pesa na nafasi. Mimi nakusanya matini ya asili yenye jaketi, basi.

Hatua ya 2: Tazama umbo lake

Vitabu vya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 vina jalada gumu la buluu na jaketi la karatasi juu yake. Vile vya mwanzo kabisa vina maandishi tu kwenye jalada. Muda si mrefu likaongezwa umbo la Nancy ameinama na kioo cha kukuzia, kwa rangi ya machungwa. Kuanzia 1962 jaketi liliachwa, picha ikachapwa juu ya jalada lenyewe, na mgongo ukawa wa njano. Kwa hiyo mtu akikuambia ana kitabu cha mgongo wa njano cha 1930, mshukuru na uendelee na safari yako.

Hatua ya 3: Soma orodha, usisome mwaka

Hii ndiyo hatua yenyewe. Tafuta orodha ya vitabu vya mfululizo. Huwa kwenye jaketi, au kwenye kurasa za mwanzo au za mwisho, na kwa vitabu vya mgongo wa njano huwa nyuma ya jalada. Shuka hadi jina la mwisho. Kitabu hakiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko jina hilo.

Weka miaka hii kwenye simu yako: The Clue in the Diary 1932, The Password to Larkspur Lane 1933, The Message in the Hollow Oak 1935, The Haunted Bridge 1937, The Quest of the Missing Map 1942, The Mystery of the Tolling Bell 1946, The Clue of the Velvet Mask 1953, The Clue of the Dancing Puppet 1962. Ukiwa na minane hii tayari unaweza kukadiria karibu kitabu chochote utakachokishika.

Linganisha pia orodha ya jaketi na ile ya ndani. Kama jaketi linaishia 1935 na kurasa za ndani zinaishia 1946, jua kuna mtu ameoanisha jaketi la kitabu kimoja na kitabu kingine. Si dhambi, ila bei iseme hivyo.

Hatua ya 4: Hesabu sura

Kuanzia 1959 hadi 1977 vitabu 34 vya kwanza viliandikwa upya. Vya asili vina sura 25, vilivyofupishwa vina 20. Fungua ukurasa wa yaliyomo, umemaliza. Katika vile vipya Nancy ana miaka 18 badala ya 16. Baadhi ya hadithi zilibadilishwa kabisa, likabaki jina tu.

Hatua ya 5: Gusa picha za ndani

Nakala za miaka ya mwanzo zina picha nne za Russell Tandy kwenye karatasi ya kung'aa. Kuanzia 1937 hivi hubaki moja tu ya kung'aa, ile inayokabili ukurasa wa jina, na katika miaka ya vita hata hiyo ikahamia kwenye karatasi ya kawaida. Pitisha kidole gumba, utahisi karatasi ikibadilika kutoka ya kukwaruza hadi laini kama sahani. Kama picha zilipaswa kuwa nne na unazipata tatu, tazama kwenye mshono: karatasi iliyonyofolewa huacha ukingo mwembamba sana. Nakala za miaka ya vita zina karatasi duni iliyogeuka kahawia na kuvunjika kwenye kona, usimlaumu aliyeitunza.

Hatua ya 6: Jaketi

Watoto walitupa majaketi. Ndiyo maana kitabu chenye jaketi lake huuzwa kwa bei mara nyingi ya kile kisicho nalo. Kagua kama kona ya bei imekatwa, kama kuna selotepu upande wa ndani, kama mgongo umepauka kwa jua. Kisha jihadhari na majaketi ya kunakiliwa: rangi zake ni kali mno, karatasi ni nyeupe upande wa nyuma, na mikunjo haina uchovu wowote. Applewood Books nao walianza 1991 kuchapa upya matini ya asili yakiwa na sura ile ya zamani. Ni vitabu vizuri vya kusoma, nami ninavyo, lakini si vya 1930. Soma jina la mchapishaji.

Hatua ya 7: Mahali pa kutafuta

Mauzo ya vitabu vya maktaba, maduka ya mitumba, na nyumba ambako familia inauza vitu vya bibi aliyefariki. Nenda asubuhi ya siku ya kwanza ukitaka uteuzi, au saa za mwisho ukitaka bei. Mtandaoni omba picha nne: mgongo, orodha, yaliyomo, na upande wa ndani wa jaketi. Muuzaji asiyetaka kupiga picha ya orodha, mwache.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Minneapolis:* Shangazi, binti yangu ana miaka kumi na anavipenda sana. Nimesikia vile vya asili vina maneno mabaya kuhusu watu weusi. Nimpe vipi?

Mwanangu, umesikia kweli. Katika The Secret of the Old Clock ya 1930 kuna mlinzi mweusi, Jeff Tucker, aliyechorwa kama mlevi wa kuchekwa, hata matamshi yake yameandikwa kwa dhihaka. Kitabu kilipoandikwa upya 1959, Jeff akawa mzungu. Yaani dhihaka iliondolewa kwa kumwondoa mtu mweusi mwenyewe, na jambo hilo linaniuma karibu sawa na lile la kwanza. Mimi nilimpa binti yangu toleo la sura 20 kwanza. Alipofika miaka kumi na mitatu tulikaa mezani tukasoma la asili pamoja, kwa sauti, na penye kurasa za Jeff tukasimama tukazungumza. Aliniuliza kwa nini ninakihifadhi. Nilimwambia kwamba Nancy wa kwanza ni jasiri zaidi, ana ulimi mkali zaidi, na aliandikwa na mwanamke aliyelipwa kidogo kwa kazi kubwa. Kurasa za Jeff nazo ni ushahidi, sitaki mtu aje kusema hazikuwepo.

*Kaka wa Mombasa:* Nimepata vitabu sita vya jalada laini vimeandikwa Armada. Namba zake hazilingani na orodha yako. Ni bandia?

Si bandia, kaka. Armada ilikuwa chapa ya vitabu ya Uingereza, na walipanga namba zao wenyewe, hivyo namba 5 yao si lazima iwe 5 ya Marekani. Fuata jina la kitabu, usifuate namba. Ndivyo nilivyovisoma mimi nikiwa mtoto Tanga, kimoja hakina hata jalada. Thamani ya pesa ni ndogo. Usiviuze.

*Mama wa Dar es Salaam:* Vyangu vinapata ukungu kila msimu wa mvua ndefu. Nimevifunga kwenye mifuko ya plastiki lakini naona vinazidi.

Mama, shikamoo. Hiyo mifuko ndiyo inayofungia unyevu ndani. Vitoe leo. Visimamishe vikiwa vimefunguliwa kidogo kivulini penye upepo, kamwe si juani, kisha ufute ukungu uliokauka kwa brashi laini ukiwa nje ya nyumba. Rafu isigusane na ukuta wa nje. Acha nafasi ya viganja viwili. Jaketi livalishwe plastiki angavu ya Mylar iliyo wazi juu na chini ili hewa ipite. Na tafadhali, selotepu isiguse kitabu, inageuka njano na kula karatasi.

*Mwanachama wa Toronto:* Kuna muuzaji ana nakala yenye sahihi ya Carolyn Keene. Nimwamini?

Carolyn Keene hakuwahi kuwa mtu mmoja. Harriet Adams, binti wa Stratemeyer, alitia sahihi vitabu kwa jina hilo, kwa hiyo sahihi inaweza kuwa halali. Lakini yeyote mwenye kalamu anaweza kuliandika pia. Omba kujua ilipatikana wapi, na kama hakuna maelezo, lipa bei ya kitabu bila sahihi. Sahihi ya Mildred Wirt, aliyekuja kuitwa Mildred Benson, kwa jina lake mwenyewe ndiyo ninayoitafuta mimi.

*Dada wa Nairobi:* Ni kweli kuna kimoja kilichowekwa Kenya?

Kweli kabisa. The Spider Sapphire Mystery, namba 45, cha 1968. Nancy anakuja safari Kenya, na mmoja wa wabaya wake anaitwa Swahili Joe. Nilipolisoma jina hilo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Hakikuwahi kuwa na jaketi katika toleo la Grosset & Dunlap, kilizaliwa na mgongo wa njano, kwa hiyo usilipie jaketi lolote utakalouziwa nalo. Pindua nyuma usome orodha: kadiri majina yanavyozidi kupita namba 45, ndivyo nakala hiyo ilivyochapwa baadaye. Yangu ina namba mbili za ziada. Bado natafuta isiyo na hata moja, ukiiona pale kwa wauza vitabu wa kando ya barabara nipigie picha ya nyuma kwanza, kisha uinunue.