Namna ya kuandika na kurekodi onyesho la simu katika tamthilia ya kituo cha msaada

Tamthilia ya kituo cha msaada ina mtego wake: mwenye shida hupiga simu, husaidiwa, hasikiki tena. Crisis Center, tamthilia ya aina hii ya televisheni ya NBC ya Marekani, ambayo kituo chake kiko San Francisco, ilirushwa mwaka 1997 kwa vipindi 6 tu. Anayebaki na mtazamaji wiki hadi wiki ni mshauri, na mahali pa kumjua ni pale mezani, simu ikiwa sikioni.

Kipindi cha saa moja chenye matangazo hubaki na takriban dakika 42 hadi 44 za hadithi, na ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja. Simu kuu ipe kurasa 7 au 8, lakini isiende kwa mkupuo. Igawe mara tatu, kila kipande kiishie kwenye swali lisilojibiwa.

Mshauri asikilize kwanza, kisha ataje alichokisikia: “Umechoka, na unaona huna wa kumwambia.” Halafu aulize bila kuzunguka: “Unafikiria kujiua?” Waandishi wengi hulikwepa swali hili wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi, washauri hufunzwa kuliuliza hivyo hivyo. Yanafuata mengine: ana mpango? Kifaa cha kujidhuru kiko karibu? Yuko na nani? Hotuba achana nazo. “Maisha ni matamu” humfunga mdomo mpigaji. Njia ya kujidhuru isielezwe wala kuonyeshwa. Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo kwa kuwa watu huiga.

Kosa sugu ni mshauri kunyakua koti na kukimbilia kwa mpigaji. Mshauri wa simu habanduki kwenye laini. Anaandika kikaratasi: anwani, saa, “yuko peke yake.” Anakisukuma mezani, na mwenzake anaita gari la wagonjwa kwa simu nyingine. Sisi tungechagua kikaratasi hicho kuliko mbio zozote za magari.

Siku ya kurekodi, mwigizaji wa mpigaji awe chumba kingine kwenye laini hai. Msaidizi akisoma mistari nyuma ya kamera, wawili hao hawatakatizana kama watu wanavyokatizana. Rekodi sauti zote mbili zikiwa safi, kila moja peke yake. Sauti ya kisimu itengenezwe kwenye uhariri, ukibakiza masafa ya sauti ya Hz 300 hadi 3,400 tu, kama yanayopita kwenye simu. Ukiichuja papo hapo, kilichokatwa hakirudi. Kimya kiache sekunde 4 au 5, kikiwa na pumzi na mvumo hafifu wa laini. Kimya kikavu mtazamaji atadhani televisheni yake imeharibika.

Kipindi kikiisha, onyesha namba ya laini ya msaada inayofanya kazi. Ipigie mwenyewe kuihakiki, na uwape mapema wenye laini hiyo tarehe na saa ya kurushwa, waongeze watu wa zamu.